Nani Ameshika Ufunguo? Asili ya Neno la Kiitaliano Ghetto na Hatima ya Maana Zake katika Kiswahili

Makala hii inahakiki neno moja la Kiitaliano, ghetto, pamoja na maana ambazo limezibeba tangu lilipokuwa jina la eneo la karakana katika jiji la Venisi hadi lilipoingia katika Kiswahili kwa umbo la geto. Ni kawaida neno hili kutolewa kama mfano wa upanuzi wa maana: lilianza kwa kutaja mahali pamoja, likaja kutaja mtaa wowote wa Wayahudi, kisha mtaa wowote wa mafukara. Maelezo hayo si ya uongo, ila yanaficha jambo la msingi. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kila neno hili lilipohama, kilichobadilika hakikuwa upana wa maana peke yake, bali jibu la swali moja: nani ameshika ufunguo wa lango? Swali hilo lina uzito wa pekee kwa Kiswahili. Mfasiri asiyelijibu anaweza kumfanya msomaji wa Dodoma au Mombasa aione Warsaw ya 1940 kama mtaa wa watu maskini tu.

Karakana, talaka na kijitaa: utata wa asili

Asili inayokubaliwa na wanahistoria wengi ni ya karakana. Kitenzi cha Kiitaliano gettare, ambacho kinatokana na Kilatini iactare, kina maana mbili ambazo Kiswahili huzitenganisha: kutupa, na kusubu, yaani kumimina madini yaliyoyeyushwa katika kalibu. Katika Kiitaliano cha Venisi mahali pa kusubia paliitwa geto, na Jamhuri ya Venisi ilikuwa na karakana yake ya kusubu shaba katika eneo la Cannaregio, upande wa kaskazini wa jiji. Kazi hiyo ilihamishwa baadaye, lakini jina lilibaki katika ardhi. Palikuwa na Ghetto Vecchio, yaani karakana ya zamani, na kando yake kisiwa kidogo kilichoitwa Ghetto Nuovo, yaani karakana mpya. Wayahudi walipoamriwa kuhamia Ghetto Nuovo mwaka 1516, neno hilo halikuwa na uhusiano wowote na Uyahudi wala na kufungiwa. Lilikuwa jina la mahali ambalo wenyeji walilitamka bila kufikiria tanuri, kama vile mkazi wa Dar es Salaam aendavyo Kariakoo kununua nyanya bila kukumbuka kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia ambacho jina lake ndilo lililozaa jina la mtaa huo.

Ushahidi wenye nguvu zaidi wa asili hii umo katika mpangilio wa majina yenyewe. Ghetto Vecchio ilitengwa kwa ajili ya Wayahudi mwaka 1541, miaka 25 baada ya Ghetto Nuovo. Maana yake ni kwamba, kwa historia ya Kiyahudi, iliyo "mpya" ni kongwe kuliko ile ya "zamani." Kinyume hicho hakiwezi kuelezwa kwa namna nyingine ila kwa kukubali kwamba vivumishi hivyo vilieleza karakana na si makazi. Kisha mwaka 1633 likaongezwa eneo la tatu, likaitwa Ghetto Nuovissimo, yaani "mpya kabisa." Hapo hapakuwahi kuwa na karakana yoyote. Benjamin Ravid, mwanahistoria aliyeichunguza mada hii kwa miaka mingi, anaona katika jina hilo dalili kwamba neno lilikwisha kuacha shaba na kushika maana ya makazi ya lazima ya Wayahudi. Kwa lugha ya semantiki, nomino ya pekee ilikuwa imegeuka kuwa nomino ya kawaida.

Lipo tatizo la sauti ambalo haifai kulipita kimya. Kwa kanuni za Kiitaliano, g inayofuatwa na e hutamkwa kwa namna inayokaribia j ya Kiswahili, kwa hiyo neno linalotokana na gettare lingetazamiwa kusikika kama "jetto." Herufi h katika ghetto imewekwa ili kuonyesha kipasuo cha kaakaa laini, yaani g ya kawaida ya Kiswahili kama katika gari. Sauti hiyo ngumu ilitoka wapi? Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba wakazi wa mwanzo wa Ghetto Nuovo walikuwa kwa sehemu kubwa Wayahudi wenye asili ya Kijerumani, nao walilitamka jina la Venisi kwa sauti za lugha yao. Jibu hilo linaridhisha kwa kiasi tu. Hata hivyo, udhaifu wake hautoshi kuibomoa hoja ya karakana, kwa sababu hoja hiyo inasimama juu ya nyaraka na majina ya mahali, na si juu ya matamshi.

Wapinzani wa asili hiyo wametoa mapendekezo mengine: borghetto la Kiitaliano, yaani kijitaa, Gitter la Kijerumani, yaani wavu wa vyuma, jina la Kilatini la Misri, Aegyptus, na get la Kiebrania, yaani hati ya talaka. Mapendekezo haya yana kasoro moja ya pamoja. Yote yanaanza na maana ambayo neno lilikuja kuwa nayo baadaye, kisha yanatafuta nyuma mzizi unaofanana nayo. Anayejua kwamba ghetto ni kifungo ataona vyuma, na anayejua kuwa ni utengano ataona talaka. Hiyo ni njia ya mashaka katika taaluma ya etimolojia.

Lakini kosa la etimolojia linaweza kuwa ukweli wa matumizi. Kenneth Stow ameonyesha kwamba Wayahudi wa Roma wa karne ya 16, katika hati zao wenyewe, waliandika ghet, wakilikaribisha neno la talaka ndani ya jina la mahali walipofungiwa. Hawakuwa wakifanya isimu ya kihistoria. Walikuwa wakitoa tafsiri ya hali yao, kwamba jiji limewapa talaka huku likiwalazimisha waendelee kuishi ndani ya nyumba yake. Mhakiki wa fasihi hana budi kuupokea ushahidi huo kwa heshima, kwa sababu unaonyesha jinsi wasemaji walivyolisikia neno, hata kama hauonyeshi lilikotoka.

Amri ya 1516

Tarehe 29 Machi 1516 Seneti ya Venisi iliamuru Wayahudi wa jiji wakae pamoja katika Ghetto Nuovo. Wengi wao walikuwa wameingia jijini kama wakimbizi wa vita vilivyoikumba bara ya Venisi kuanzia mwaka 1509. Amri ilitaka kisiwa kiwe na malango mawili, yafunguliwe asubuhi na kufungwa usiku. Walinzi wanne Wakristo walipaswa kuyalinda, na mashua mbili kuzunguka mifereji usiku. Gharama za walinzi na mashua zilibebwa na Wayahudi wenyewe. Wapangaji Wakristo walihamishwa, na wapangaji wapya wakatozwa kodi ya nyumba iliyozidi ya awali kwa theluthi moja. Baadaye madaktari waliruhusiwa kutoka usiku kwenda kwa wagonjwa.

Amri hii haikuwa ya kufukuza. Uhispania ilikuwa imewafukuza Wayahudi wake mwaka 1492, nayo Venisi ilichagua njia ya katikati: wakae, wakopeshe fedha, wauze nguo zilizotumika, walipe kodi, lakini usiku wasionekane. Kwa hiyo ghetto lilikuwa ruhusa na kifungo kwa wakati mmoja. Wanaolieleza kama gereza pekee wanapoteza nusu ya kwanza, na wanaolieleza kama mtaa pekee wanapoteza nusu ya pili.

Jambo ambalo maelezo ya upanuzi wa maana hayawezi kulibeba ni hili: ghetto la Venisi halikuwa na maana ya ufukara. Ndani ya malango yale walikaa wafanyabiashara wakubwa wa nchi za mashariki ya Mediterania, wenye benki, madaktari na wachuuzi wa mitumba, pamoja na mafukara. Rabi Leon Modena aliishi na kuandika humo. Vivyo hivyo mshairi Sara Copia Sullam, ambaye nyumba yake ilikuwa baraza la wasomi, Wayahudi na Wakristo. Majengo yalirefushwa kwenda juu, mengine yakafikia ghorofa saba, kwa kuwa watu waliongezeka na kisiwa hakikuongezeka. Msongamano ulikuwepo, na shida pia. Lakini kilichomfanya mtu awe ndani kilikuwa sheria, wala si mfuko wake. Tajiri na maskini walifungiwa kwa kufuli moja, na ufunguo ulikuwa mkononi mwa mlinzi waliyemlipa wao.

Funguo za Shylock

Wasomaji wengi wa Kiswahili waliikuta Venisi ya Wayahudi kwa mara ya kwanza kupitia Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare iliyochapishwa mwaka 1969. Inafaa kutua hapa kidogo. Tamthilia asilia iliandikwa mwishoni mwa miaka ya 1590, takriban miaka 80 baada ya amri ya Seneti, lakini neno ghetto halimo ndani yake hata mara moja. Shylock anaishi katika nyumba yenye madirisha yanayotazama barabara ya kawaida. Anaalikwa chakula cha usiku kwa Wakristo na anakwenda. Usiku huohuo binti yake, Jessica, anatoroka na mpenzi wake Mkristo bila kukutana na lango wala mlinzi. Katika Venisi ya kweli safari zote mbili zingehitaji maelezo marefu.

Zaidi ya hapo, kabla ya kutoka, Shylock anamkabidhi Jessica funguo za nyumba na kumwagiza afunge milango na madirisha yote ili kelele za waliovaa vinyago zisiingie. Shakespeare ameugeuza mpango mzima wa 1516. Katika historia, Mkristo ndiye aliyemfungia Myahudi. Jukwaani, Myahudi ndiye anayejifungia mwenyewe na kumfungia binti yake. Kifungo cha sheria kimekuwa tabia ya mtu mgumu. Mtazamaji wa London, katika nchi ambayo Wayahudi walifukuzwa tangu 1290, hakuwa na namna ya kujua kilichogeuzwa.

Tafsiri ya Nyerere ilirithi ukimya huo, kisha ikauongezea mwelekeo wake. Kichwa cha Kiingereza kinamtaja mfanyabiashara mmoja. Cha Kiswahili kinataja mabepari, kwa wingi. Uamuzi huo umejadiliwa sana kuhusiana na Azimio la Arusha la 1967, na ni sahihi kuusoma hivyo. Kwa uteuzi wa neno moja, Antonio na Shylock wamewekwa katika tabaka moja mbele ya msomaji wa Ujamaa. Faida ya kisanaa na kisiasa ni kubwa. Gharama yake haijatiliwa mkazo wa kutosha: wote wawili wakishakuwa mabepari, swali la kwa nini mmoja wao anakopesha kwa riba na mwenzake anasafirisha shehena linaonekana kuwa la tamaa tu. Sheria iliyowabana Wayahudi wa Venisi katika ukopeshaji na biashara ya mitumba, kisha ikawafungia usiku, inatoweka. Si haki kumlaumu mfasiri kwa kutotia ndani ya tamthilia jambo ambalo mwandishi hakulitia. Lakini mhakiki anayeifundisha tafsiri hiyo leo anapaswa kulirudisha lango mahali pake.

Kutoka ukutani hadi ufukarani

Roma ilifuata mwaka 1555, pale Papa Paulo IV alipoamuru Wayahudi wa jiji wafungiwe katika eneo moja kando ya mto Tiber. Hati ya amri hiyo haikutumia neno ghetto. Lilikuja katika lugha ya Upapa miaka michache baadaye. Florence na Siena zilifuata mwaka 1571. Malango ya Venisi yaling'olewa na kuchomwa moto mwezi Julai 1797, baada ya majeshi ya Napoleon kuiangusha Jamhuri, na ya Roma yalikoma kabisa kisheria mwaka 1870. Kuanzia hapo neno lilibaki bila kitu chake. Katika karne ya 19 liliweza kutumika kwa mtaa wowote ambao Wayahudi walikaa kwa wingi, hata pasipo ukuta. Israel Zangwill alipochapisha riwaya yake Children of the Ghetto mwaka 1892, alikuwa akisimulia maisha ya wahamiaji wa mashariki ya London, ambao hapakuwa na sheria iliyowazuia kuhama.

Hii ndiyo hatua ambayo wanaoshikilia upanuzi wa maana huitaja kama mwendo wa kawaida wa lugha. Lakini neno halikupanuka tu, lilinyang'anywa kufuli. Na lilipokwisha kunyang'anywa kufuli likawa tayari kubeba kitu kingine, na kitu hicho kilikuwa ufukara. Louis Wirth, katika kitabu chake cha 1928 kuhusu Wayahudi wa Chicago, aliliona ghetto kama hatua ambayo wahamiaji hupitia na kuiacha kwa hiari. Kenneth Clark alipolitumia mwaka 1965 kwa Wamarekani Weusi wa Harlem, alilirudishia kufuli: ukuta haukuonekana, lakini ulijengwa kwa mikataba ya nyumba, kwa benki na kwa utawala wa jiji. Mitchell Duneier (2016) ameufuatilia ubishani huo kwa kina, naye Daniel Schwartz (2019) ameandika historia ya neno lenyewe. Loïc Wacquant anakwenda mbali zaidi kwa kuweka masharti manne, ambayo ni unyanyapaa, shuruti, kufungiwa mahali, na kuwako kwa taasisi sambamba za walio ndani. Kwa kipimo hicho, mtaa wa mafukara usio na shuruti si ghetto, hata ukiwa na njaa kiasi gani. Kipimo cha Wacquant ni kikali, na pengine kikali mno kwa mazungumzo ya kila siku. Kwa mfasiri kinafaa sana.

Kati ya Wirth na Clark kuna Warsaw. Mnamo Novemba 1940 Wanazi walizifunga kwa ukuta zaidi ya roho 400,000 katika sehemu ndogo ya jiji hilo. Kuanzia tarehe 22 Julai 1942 wengi wao walisafirishwa kwa treni kwenda kuuawa Treblinka. Venisi ilifungia watu ili wakae. Warsaw ilifungia watu ili wasikae popote. Jina la Kiitaliano limeunganisha mambo mawili ambayo yamefanana kwa lango na kuhitilafiana kwa kila kitu kilichokuwa nyuma ya lango. Jambo la kuzingatiwa na mtu wa lugha ni kwamba watawala wa Kijerumani jijini Warsaw walilikwepa neno ghetto katika lugha rasmi. Waliliita eneo hilo wilaya ya makazi ya Wayahudi. Hiyo ilikuwa tasfida: neno lililobeba ufunguo lilifichwa, likawekwa neno lisilo na mlango wala mlinzi.

Geto la Kiswahili

Neno liliingia katika Kiswahili cha vijana likiwa limekwisha kupita Marekani na Jamaika, na kwa sehemu kubwa lilisafiri na muziki. Katika rege ya Kingston na rapu ya miji ya Marekani, ghetto ni mahali pa dhiki na pia pa fahari: ndipo msanii alipotoka, na kutoka kwake ndiyo hati ya ukweli wake. Nairobi imelipokea kwa maana hiyo. Ghetto ni Mathare, ni Korogocho, ni Kibera. Kituo cha redio kinachotangaza kwa Sheng kimejiita Ghetto Radio. Nchini Uganda, mwanamuziki na mwanasiasa Bobi Wine, aliyekulia Kamwokya jijini Kampala, amejulikana kama rais wa ghetto.

Tanzania imelipeleka neno mahali pengine kabisa. Geto, kwa kijana wa Dar es Salaam au Mwanza, si mtaa. Ni chumba, na kwa kawaida ni chumba kimoja cha kupanga ambacho kijana amehamia baada ya kutoka kwa wazazi: godoro, redio, jiko dogo na pazia. Nomino hii imeingia katika ngeli ya ji-/ma- bila matatizo (geto langu, mageto yetu), na mara nyingi hufanya kazi ya mahali bila kuhitaji kiambishi -ni: mtu husema "nipo geto," "njoo geto," kama asemavyo "nipo Tanga." Neno lililoanza kama jina la mahali pamoja limerudi kutenda kama jina la mahali, na kila kijana ana lake.

Hapa jibu la swali la ufunguo limepinduka. Katika Venisi, aliye ndani hakuwa na ufunguo. Katika geto la Kitanzania, kuwa na ufunguo ndiyo maana yenyewe ya geto. Kijana anayeishi katika chumba cha uani cha babake, hata kama ni kikubwa na kina kitanda kizuri, hana geto kamili maadamu mama anaweza kuingia bila kubisha hodi. Kifungo kimekuwa uhuru. Ni dhahiri kwamba mkabala wa upanuzi wa maana hauna nafasi kwa mageuzi haya, kwani chumba si mtaa uliopanuka, bali umepungua hadi kuta nne.

Uhuru huo, hata hivyo, una mwenyewe. Geto husemwa zaidi kuhusu mvulana, na wazee hulisikia kwa shaka, kama mahali pa mambo yasiyotakiwa kuonekana. Mvulana mwenye geto husifiwa na wenzake. Msichana aliyeonekana akitoka geto husemwa na mtaa mzima. Ufunguo upo mkononi mwa mmoja na lawama ipo begani mwa mwingine. Utafiti wa lugha ya vijana unaolieleza neno hili kama "chumba cha kijana" na kuishia hapo umeacha sehemu iliyo nyeti zaidi ya maana yake.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakikuhitaji kukopa, kwa kuwa kina Uswahilini. Dai hilo lina nguvu kuliko linavyoonekana. Dar es Salaam ya kikoloni ilipangwa kwa kanda, za Wajerumani kwanza na kisha za Waingereza. Sheria za ujenzi ziliamua nyumba za aina gani zijengwe wapi, na wakazi wakazipa kanda hizo majina yao: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi kuwatenga Waafrika wa Kariakoo na mji wa Uhindini. Baada ya uhuru, Uswahilini ililegeza maana yake ya kikabila na kushika ile ya kipato na mwenendo: mtaa wa nyumba zilizobanana, kelele na umbea. Hiyo ndiyo safari ileile ya ghetto, kutoka watu fulani hadi hali fulani. Lakini Uswahilini haikuwa na lango la usiku, na kanuni iliyoitenga iliandikwa kwa lugha ya saruji na makuti, si kwa lugha ya dini. Kwa hiyo inafaa kulinganishwa na Harlem ya Clark, haifai kusimama badala ya Venisi.

Uamuzi wa mfasiri

Anayetafsiri historia ya Ulaya kwa Kiswahili hukutana na vishawishi vitatu. Cha kwanza ni kuandika "vitongoji duni" au "mtaa wa mabanda," kama yafanyavyo matangazo ya habari yanapozungumzia miji ya leo. Kwa Nairobi, tafsiri hiyo inakubalika. Kwa Venisi ni kosa la ukweli, kwani benki na maktaba havikai mabandani. Kwa Warsaw ni kosa zito zaidi, kwa sababu mabanda huondolewa kwa maendeleo, na msomaji atadhani kilichokosekana pale ni maji safi na barabara.

Kishawishi cha pili ni "mtaa wa Wayahudi." Tafsiri hiyo inaonekana salama, na ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote. Inasikika kama watu waliochagua kukaa pamoja, kama Wahindi wa Kisutu au Wangazija wa mji fulani wa pwani. Tena, kwa habari ya Warsaw, inakaribia neno kwa neno ile tasfida rasmi ya Wanazi. Mfasiri asiyejua anaweza kurudia, kwa nia njema kabisa, maneno ya wenye ukuta. Kama ni lazima kufafanua ndani ya matini, kinachohitajika ni kirai chenye shuruti ndani yake, kwa mfano "mtaa waliofungiwa Wayahudi," ambacho kauli yake ya kutendwa inambakiza mfungaji katika sentensi hata asipotajwa.

Kishawishi cha tatu ni kukopa tu, na hapa ndipo tahajia inapoleta ugumu wake. Ukiandika ghetto kama Waitaliano, msomaji wa Kiswahili sanifu ana haki ya kuisoma gh kama katika ghali na ghafla, yaani kikwamizwa cha kaakaa laini, sauti ambayo haikuwemo Venisi wala Roma. Herufi ambayo Kiitaliano huiongeza ili kuifanya g iwe ngumu, katika Kiswahili huilainisha. Ukiandika geto, utapata matamshi sahihi, lakini msomaji kijana ataona godoro na redio. Pendekezo la makala hii ni kuzitumia tahajia zote mbili kwa kazi mbili: ghetto kwa hati za mlazo, pamoja na kirai cha ufafanuzi linapotokea mara ya kwanza, pale panapozungumziwa kufungiwa kwa amri, na geto, kwa hati za kawaida, kwa chumba cha kijana. Matumizi ya Nairobi, yaliyo kati ya mawili hayo, yaandikwe kama wenyewe wanavyoliandika.

Utengano huo wa tahajia haulingani na historia kikamilifu. Waandishi wa hati za Venisi, kabla ya mtu yeyote kufungiwa, waliliandika jina la karakana yao ya shaba kwa herufi nne, geto, na hivyo ndivyo linavyoandikwa leo mlangoni mwa chumba cha kupanga kule Manzese.